Mstari wa Arobaini na Moja

Kabla ya kugusa waya wowote, Nakijwa alifungua daftari lake akaandika. Aliandika tarehe na jina la mwenye nyumba, kisha akachora ile kompyuta kuukuu ya mezani jinsi ilivyokaa juu ya kabati la vyombo: waya mweusi unaingia hapa, wa kijani unatoka pale, feni inalia upande wa kushoto. Watu wa Ngulundi walimcheka kwa daftari hilo. Walisema fundi mwingine angekuwa ameshamaliza kazi na anakunywa chai ya pili. Kazi hii Nakijwa hakufundishwa na mtu, alijifunza mwenyewe kwa kuharibu na kurekebisha, na mwanzoni kabisa alimkosesha mzee mmoja usikivu kwa siku tatu nzima kwa sababu hakukumbuka waya upi ulikuwa wapi. Tangu siku hiyo aliandika.

"Umeshamaliza kuipiga picha?" aliuliza mwalimu Namsifu. "Iambie itabasamu."

"Bado, mwalimu. Inaona haya."

Mwalimu alicheka, akaketi kwenye kigoda na sinia la tangawizi mapajani. Alikuwa na miaka sitini na minane, mwembamba, mgongo umenyooka kama wa mtu anayesubiri kupigiwa toni aanze kuimba. Kwaya ya Ngulundi ilikuwa yake kwa miaka thelathini na tano. Jumapili hii ilikuwa jubilei ya kwaya hiyo, na wimbo wa kufungua ibada ungeanzishwa na yeye, peke yake, bila kinanda.

"Sasa nikueleze ugonjwa wenyewe," alisema. "Mashine hii mpya mwanangu Anaeli ametuma, Mungu ambariki. Lakini kuhamia humo tu hakutoshi. Sauti yangu mwenyewe inanijia kama mtu anayenifuata nyuma. Naimba, halafu ndiyo najisikia. Watu wengine wote nawasikia vizuri, mimi ndiye ninayechelewa. Nimevumilia miaka, nikadhani ni uzee. Juzi nikasema, hapana, kuna fundi hapa kijijini."

"Nitaangalia, mwalimu."

"Usiangalie. Tengeneza. Jumapili nataka nijisikie palepale ninapofungua mdomo."

Mlangoni alisimama mumewe, mzee Elinaja Mbwambo, kofia mkononi, kama mgeni katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Alikuwa mzee wa maneno machache siku zote, lakini asubuhi ile hata salamu aliipokea nusu. Nakijwa aliliona hilo. Hakuliandika.

*

Miaka kumi na moja iliyopita homa ilipanda milima ya Upare pamoja na mvua za masika, na ilipoondoka iliondoka na masikio ya nusu ya kijiji. Kampuni moja kutoka mbali ikaja na vipokezi vidogo vya kupachika nyuma ya sikio. Kipokezi kilidaka sauti, kikaituma kwenye mitambo ya kampuni ikasafishwe, kikairudisha moja kwa moja kwenye mshipa wa usikivu. Vilitolewa bure. Miaka miwili baadaye kampuni ilifunga mitambo yake bila kuaga, na vipokezi vikabaki nyuma ya masikio ya watu kama vifungo vya shati lisilo na matundu.

Hapo ndipo watu walipoanza kununua kompyuta za mezani zilizotumika, na kuweka ndani yake seva ya sauti, yaani programu ya kufanya kazi ya mitambo ile, moja kwa kila mwenye kipokezi. Mnara mdogo uliosimamishwa kilimani uliunganisha kila kipokezi na kompyuta ya mwenyewe, awe shambani, dukani au kanisani. Hivyo sikio la mtu wa Ngulundi lilikuwa sebuleni kwake, limefunikwa kitambaa cha kushonwa ili vumbi lisiingie.

Nakijwa alikuwa na miaka ishirini na mitatu homa ilipompitia. Kampuni ilipofunga na ukimya ukarudi, alijifungia chumbani kwa miezi minne. Aliyemtoa ni Namsifu, kiziwi kama yeye, aliyekuja kila alasiri na kibao cha shule na chaki. Hakumwambia avumilie. Alichukua kiganja cha Nakijwa, akakiweka juu ya koo lake, akaimba. Nakijwa hakusikia kitu, lakini wimbo ulipanda mkononi mwake hadi kwenye kiwiko. Wiki ya tatu Namsifu alikuja na boksi: kompyuta mbovu kutoka stoo ya shule, na rundo la kurasa za maelekezo ya seva ya sauti. Kwenye kibao aliandika: *Soma wewe. Macho yangu yamechoka.* Macho yake hayakuwa yamechoka hata kidogo.

Kila mtu aliyesikia kitu Ngulundi leo, alikisikia kwa sababu ya boksi lile.

*

"Nakuzima sasa, mwalimu."

"Nizime."

Nakijwa alibonyeza. Namsifu aliinua kiganja kuonyesha kwamba ameshaondoka, akashika kisu, akaendelea kumenya tangawizi katika ukimya wake.

Kijijini kwao mtu akizimwa hasemwi. Haikuwa sheria ya serikali ya kijiji, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Ila ilijulikana kwamba seva ya mtu ikizimwa kwa matengenezo, wote waliomo chumbani hufunga midomo na kutumia kibao, ili aliyezimwa asiwe peke yake nje ya mlango. Anayezungumza huonekana kama mtu aliyefunua chungu cha jirani. Kwa hiyo kibao kiliwekwa juu ya stuli katikati yao, na chaki mbili.

Nakijwa alifungua faili la mipangilio. Alilisoma mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini, kama alivyosoma kila kitu. Mistari ya kwanza ilitaja vyanzo: sauti za nje, sauti za watu, na sauti ya mwenyewe, ambayo kipokezi hakikuichukua hewani bali kwenye mfupa wa taya. Kisha viwango vya kila chanzo. Kisha ndiva.

Neno hilo lilikuwa lao. Kwenye maelekezo liliitwa jina jingine, lakini watu wa Ngulundi walipoelezwa kwamba seva hukusanya sauti kidogokidogo mahali fulani kabla ya kuifungulia, walisema, ah, ndiva, kama lile bwawa la juu linalokusanya maji usiku na kufunguliwa asubuhi yashuke mashambani. Jina likabaki. Ndiva ikiwa kubwa, sauti haikatiki kamwe, lakini inakufikia imechelewa. Ikiwa ndogo, sauti inakufikia papo hapo, ila kompyuta ikizembea kidogo ndiva inakauka, na unasikia mkwaruzo. Kazi kubwa ya fundi wa seva ni kupata kipimo cha ndiva.

Katika nyumba hii, ndiva ya sauti za watu ilikuwa ndogo, nzuri kabisa. Ndiva ya sauti ya mwenyewe ilikuwa kubwa mara thelathini na mbili. Vipande vya sauti, au sampuli, elfu nane na zaidi, yaani karibu sehemu ya sita ya sekunde.

Nani angefanya hivyo? Na kwa nini?

Jibu lilikuwa mstari wa arobaini na moja. Uliandikwa na mtu mwingine, ilionekana wazi. Nafasi hazikulingana, na herufi kubwa zilitumika pasipostahili. Mstari ulisema kwamba sauti ya mwenyewe, kabla ya kurudi kwake, ipitishwe kwanza kwenye kinyooshi. Kinyooshi kililinganisha kila noti na rekodi za zamani za kwaya, za kabla ya homa, na ikiwa noti imeshuka, kikaipandisha. Juu yake pameandikwa, kwa alama ya reli inayoiambia kompyuta isisome: *# Tafadhali usiguse. E.M.*

Nakijwa aliondoa kidole kwenye skrini.

Kwa miaka mwalimu Namsifu alikuwa akiimba, na aliyemsikia akiimba alikuwa Namsifu wa zamani.

"Umefika pale," ilisema sauti ya mzee Elinaja.

Nakijwa alishtuka. Mzee alikuwa amezungumza, kwa mdomo, mkewe akiwa hatua tatu kutoka hapo. Nakijwa alikinyooshea kidole kibao. Mzee alitikisa kichwa.

"Hilo siwezi kuliandika, mwanangu. Nisikilize tu." Aliikunja kofia yake. "Pasaka ya kwanza baada ya kupata mashine, alisimama kuimba. Akajisikia. Akanyamaza katikati ya ubeti, akarudi nyumbani, akafungia vitabu vya kwaya kwenye sanduku. Wiki tano hakutaja wimbo. Mimi nikachukua zile kurasa zako, unakumbuka nilikuja kuziazima? Ukadhani nataka kurekebisha redio."

Nakijwa alikumbuka. Ilikuwa miaka sita iliyopita.

"Kila asubuhi akienda shambani mimi nakaa hapa. Niliharibu mara nyingi. Siku ilipokubali sikumwambia. Jioni alikuwa anaosha vyombo, akaanza kuimba kidogo, kwa kujificha. Akasimama na sahani mkononi. Akaniuliza, 'Umesikia?' Nikasema nimesikia, imerudi. Nimemdanganya mara hiyo moja. Nyingine zote imedanganya kompyuta."

Nakijwa alimtazama mwalimu, mgongo ule ulionyooka, kisu kikipita kwenye ganda la tangawizi. Alijisikia kama anaiba kitu ndani ya nyumba ya mtu, mwenyewe akimtazama. Lakini hakuweza kumwonea hasira mzee. Yeye mwenyewe, kwenye seva yake, alikuwa na mstari unaopunguza mvua inapopiga bati, kwa sababu homa ilimkuta wakati wa masika. Tofauti ni kwamba wake aliuandika mwenyewe, na aliujua.

"Kwaya wanajua?" aliuliza, chini kabisa, na akaona aibu kwa kuuliza.

"Niliwaomba, mmoja mmoja. Akishuka, wapandishe sauti, wamfunike. Na yeye anawagombeza." Mzee karibu acheke. "Kajiru wa sauti ya tatu aliniambia, 'Mzee, leo nimeitwa jenereta mbele ya mchungaji, lakini nimembeba.'"

Nakijwa aligeukia kompyuta mpya. Alijaribu kwanza, asije akasema jambo asilolipima. Alibeba mstari wa arobaini na moja kama ulivyo, akapunguza ndiva. Kwenye kipimo, sauti ikakatika vipandevipande, kama maharage makavu yakimwagwa kwenye sufuria. Akajaribu ndiva ya kati. Vivyo hivyo. Kinyooshi kilihitaji kuisikia noti kabla ya kuinyoosha, na kusikia kunataka muda. Akaandika kwenye daftari: *Ama anyooshwe, ama asichelewe. Vyote viwili havipatikani.*

Mzee aliusoma mwandiko juu ya bega lake.

"Basi mwambie mashine haina uwezo," alisema. "Jumapili ipite tu. Wewe ukimwambia jambo, anakuamini."

Ndiyo, alimwamini. Hapo ndipo palipouma. Nakijwa alifikiria boksi lile na koo lililotetemeka chini ya kiganja chake. Kama kuna mtu duniani ambaye angependa kumwachia furaha yake ilivyo, ni huyu. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, fupi tu: mashine haina uwezo. Ilikuwa hata na nusu ya ukweli ndani yake.

"Baba Anaeli."

Ilikuwa sauti ya Namsifu, kubwa na bapa, sauti ya mtu asiyejisikia. Kisu kilikuwa kimesimama. Alikuwa akiutazama mdomo wa mumewe.

"Unasemaje mimi nikiwa nimezimwa?"

Mzee Elinaja alifunga mdomo. Nakijwa alikichukua kibao kutoka kwenye stuli, akakipangusa kwa kiganja ingawa kilikuwa safi, akamkabidhi mzee. Akamwekea na chaki.

*

Mzee alichukua muda mrefu. Aliandika, akafuta kwa mkono wa shati, akaandika tena. Kibao kilijaa akafuta, akaanza upya kwa herufi ndogo. Namsifu alisubiri bila kumharakisha, kama alivyokuwa akiwasubiri watoto wa darasa la kwanza. Mwishowe mzee alimpa kibao, akasimama pembeni, mikono imeshuka.

Namsifu alisoma. Alisoma mara ya pili.

"Tangu ile siku ya sahani," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Na kwaya?"

Akaitikia tena.

"Wote? Hata Kajiru?"

Akaitikia.

Namsifu aliweka kibao mapajani, juu ya maganda ya tangawizi, akakaa akikitazama. Moyo wa Nakijwa ukamwambia: umemvunja, kwa ajili ya kibao na chaki umemvunja mama huyu. Namsifu akavuta pumzi.

"Miaka sita," alisema, sauti ikipanda na kushuka bila mpangilio, "miaka sita nawaambia watu hawa mnapiga kelele, mnapiga kelele, kwaya si mnada. Nimemwambia Kajiru ni jenereta." Akafunika uso kwa khanga. Mabega yalimtikisika, na haikujulikana kama ni kilio au kicheko, labda hata yeye hakujua. Alipofunua uso ulikuwa umelowa. Alimtazama mumewe.

"Ulikosea," alimwambia. "Ungeniambia."

Mzee akachukua chaki. Aliandika neno moja: *Niliogopa.*

"Najua. Hukuwahi kunisikia nimenyamaza, ndiyo ukaogopa." Alinyoosha mkono akamshika kifundo cha mkono, palepale penye chaki. "Asante kwa vyombo vile. Niliviosha nikiwa na furaha."

Kisha akamgeukia Nakijwa, na ilikuwa tena sauti ya darasani. "Wewe. Huo mstari ni wa ngapi?"

Nakijwa aliandika: *41.*

"Usiuhamishe. Niwekee ndiva ndogo kuliko zote. Na sauti ya kufungulia itakuwa yangu."

Sauti ya kufungulia ni ile ambayo mtu huichagua iwe ya kwanza kumfikia seva yake mpya ikiwashwa. Wengi huchagua mtoto, au jogoo, au jina lao likiitwa na mtu fulani. Hakuna aliyewahi kujichagua mwenyewe. Nakijwa aliandika kwenye kibao, polepole, ili isisomeke kama pingamizi: *Itakuwa imeshuka, mwalimu.*

"Ndiyo maana nataka niisikie."

Alihamisha mistari yote, mmoja mmoja, akiipiga tiki kwenye daftari. Arobaini. Arobaini na mbili. Aliishusha ndiva hadi sampuli mia mbili hamsini na sita, akasikia mkwaruzo kwenye kipimo, akazima saa na picha za kompyuta na kila kisichohitajika mpaka mkwaruzo ukaisha. Akaipa seva nafasi ya mbele kuliko kazi nyingine zote. Akajaribu mara tatu. Kisha akamtazama mwalimu, akabonyeza.

Namsifu alifumba macho, akatoa noti moja.

Ilitoka pana na imechakaa, na ilikuwa chini. Si chini sana, ila mtu yeyote angejua. Nakijwa aliuona uso wa mwalimu ukiipokea noti hiyo kama mtu anayepokea mgeni aliyekonda mno.

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Imezeeka. Lakini imekuja palepale. Haikunifuata nyuma."

Akatoa noti tena. Safari hii, kwa kuwa alijisikia akiitoa, alisikia pia ilipokuwa ikilegea, na Nakijwa alisikia ikisukumwa juu kidogo, ikiteleza, ikisukumwa tena. Miaka sita koo lile halikuwa limeambiwa kosa lake. Sasa liliambiwa, na lilikuwa likitii, kwa shida, kama goti la mzee kwenye kilima.

Mara ya tisa ilifika. Ilikaa hapo kwa kitambo kifupi, ikashuka.

"Chai," alisema Namsifu. "Halafu tutaendelea. Baba Anaeli, weka tangawizi ya kutosha, usiifanyie ubahili."

*

Jumamosi alasiri kwaya ilikusanyika kanisani kwa zoezi la mwisho. Nakijwa aliketi benchi la nyuma, begi la vifaa miguuni, endapo mnara ungesumbua. Mzee Elinaja alikuwa kwenye safu ya besi, amevaa koti la Jumapili siku moja kabla.

Mwalimu Namsifu alisimama mbele yao bila kitabu.

"Kabla hatujaanza," alisema, "nina jambo. Nimewekewa mashine mpya. Haina mstari wa arobaini na moja."

Walitazamana. Mstari hawakuujua, lakini nyuso zao zilionyesha kwamba walielewa. Kajiru, mchomeleaji vyuma mwenye kifua kama pipa, aliinamisha kichwa.

"Nimewagombeza kwa kelele miaka sita. Mkanyamaza, mkagombezwa, Jumapili ikija mnapiga kelele tena. Asanteni kwa kelele zile. Kila moja. Na wewe Kajiru, jenereta limetuwashia taa muda mrefu."

"Bado lina mafuta, mwalimu," alisema Kajiru, na kanisa zima likacheka kwa sababu vinginevyo wangelia.

"Yabakize. Naanzisha mimi. Mkiingia, mwingie chini. Chini kabisa, nisikie mwenyewe nilipo. Nikianguka, msinifunike. Niacheni niinuke."

"Na kesho, mwalimu?" aliuliza mmoja wa sauti ya pili. "Mbele ya watu wote?"

"Kesho vilevile."

Mwalimu akainua mkono.

Noti ya kwanza ilitoka chini kidogo ya pale ilipostahili. Nakijwa aliona mikono ya waimbaji ikijikunja kwenye mikunjo ya nguo, vifua vikijaa kwa mazoea ya miaka sita, tayari kumfunika. Hawakumfunika. Waliingia chini, laini, kama watu wanaotembea karibu na mtoto aliyelala, na juu yao sauti ya Namsifu ikabaki peke yake, wazi, imechakaa, ikijisikiliza. Ikatafuta. Ikapanda.

Kwenye safu ya besi mzee Elinaja alikuwa ameacha kuimba. Alikuwa akisikiliza tu, mdomo wazi.

Nakijwa alifungua daftari. Penye mstari wa arobaini na moja hakuwa ameweka tiki. Sasa aliandika: *Umeondolewa na mwenyewe.* Halafu akaifunga kalamu, akaweka kiganja chake juu ya mbao za benchi la mbele, na wimbo ukapanda mkononi mwake hadi kwenye kiwiko.